SOMO LA ROBO HII: MGUU WA DEREVA NA MOSHI WA GARI



Magari yanayobeba dawa, saruji na wagonjwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa yanatembea kwa michango ya watu. Moshi mweusi ni mafuta yaliyolipiwa lakini hayakufanya kazi. Tena unadhuru: mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani.

Moshi unatoka wapi?

Petroli: Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Dereva akikanyaga mafuta hufungua kilango cha hewa, na kabureta au kompyuta hupima petroli inayolingana. Akikanyaga kwa ghafla, petroli huzidi hewa na sumu ya kaboni monoksaidi huongezeka. Katika magari mapya pedali haivuti waya. Hupeleka taarifa kwa kompyuta, nayo hufungua kilango kwa kiasi hata kama mguu una haraka.

Dizeli: Katika magari mengi ya zamani pedali huongeza mafuta, si hewa. Ndiyo maana pampu ina skrubu ya kikomo, ili mafuta yasizidi hewa iliyopo.

Hapa kwetu kuna kishawishi. Penye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kama vilima vyetu vingi, hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Gari likichoka mlimani, fundi huombwa kuongeza mafuta kwenye pampu. Nguvu huongezeka kidogo, moshi huongezeka sana, na injini hupata joto kali.

Tunashauri kila kamati:
1. Isiruhusu kikomo cha pampu kuchezewa.
2. Isafishe chujio la hewa mara kwa mara wakati wa kiangazi. Vumbi huziba hewa.
3. Imwelekeze dereva kukanyaga taratibu, kubadili gia mapema mlimani, na kuzima injini anaposubiri zahanati au shuleni.

Tukumbuke pia kwamba lita 1 ya dizeli, hata ikiungua vizuri, hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Safari mbili zikiunganishwa kuwa moja, tunaokoa zaidi.

Maswali ya kujadili: Gari letu linatoa moshi wa rangi gani likipanda mlima? Nani aligusa pampu mara ya mwisho, na kwa idhini ya nani?