Wajue Koi: Samaki wa Rangi Kutoka Mashamba ya Mpunga

Hapa ughaibuni bila shaka umeshawaona wale samaki wakubwa wenye mabaka mekundu na meupe kwenye mabwawa ya bustani. Wengi wetu tunadhani wanapatikana hivyo hivyo mtoni. Sivyo.

Kijapani wanaitwa nishikigoi, na "nishiki" ni kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa rangi nyingi. Asili yao ni kapi, samaki wa kijivu wa maji baridi, ambaye wakulima wa mpunga wa Niigata, Japani, walimfuga awe kitoweo wakati wa theluji. Mwanzoni mwa karne ya 19 walianza kuona wachache waliozaliwa na rangi. Badala ya kuwala, wakawatenga na kuwazalisha. Mwaka 1914 waliwapeleka kwenye maonyesho Tokyo, na Japani nzima ikawajua.

Sasa, utawatofautishaje? Anza na rangi ya msingi ya mwili.

Kohaku: mweupe mwenye mabaka mekundu.
Taisho Sanke: kama Kohaku, ila ana madoa meusi mgongoni, kichwani hayapo.
Showa: mweusi mwenye nyekundu na nyeupe, weusi wake hupanda hadi kichwani. Alipatikana mwaka 1927.
Ogon: rangi moja inayong'aa kama chuma.
Doitsu: hana magamba, au anayo machache tu. Damu yake imechanganywa na kapi wa Ujerumani.

Kazi yenyewe si mchezo. Jike mmoja hutaga mayai laki kadhaa, lakini vifaranga huchambuliwa tena na tena, wakabaki wachache mno. Ukiwaachia wazaliane ovyo, vizazi vichache tu kijivu kinarudi. Basi mali ya mfugaji si bwawa, ni wale wazazi aliowachagua.

Ndiyo maana tetemeko la tarehe 23 Oktoba 2004 lilikuwa msiba mkubwa kwa kijiji cha Yamakoshi. Wakazi zaidi ya 2,000 waliondolewa, mabwawa yakabomoka, samaki wengi wakafa. Baadhi ya waliosalia walibebwa kwa helikopta. Unaweza kucheka, helikopta kwa ajili ya samaki! Lakini bwawa hujengwa upya; ukoo uliochaguliwa tangu enzi za babu ukipotea, umepotea.

Mwaka 2018 Kohaku mmoja aliuzwa huko Hiroshima kwa yen milioni 203. Mnunuzi hakulipia rangi tu, alilipia na miaka ya kuchagua.