Wanaanga waliondokaje mwezini?

Swali: Roketi iliyorusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970 ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wanaanga wa Apollo waliondokaje mwezini kusiko na jukwaa?
Msomaji, Mbaraki, Mombasa

Jibu: Jukwaa walikwenda nalo, ndugu yangu. Chombo chao kilikuwa na sehemu mbili. Ya chini ilikuwa na miguu minne na injini ya kupunguza kasi, kwani parachuti haifai mahali pasipo hewa. Vijiti vilivyoning'inia miguuni vikigusa ardhi, taa ya buluu iliwaka ndani. Siku ya kurudi, sehemu ya juu ilijitenga na kupaa kutoka juu ya mwenzake. Injini ya sehemu hiyo ya juu haikuwa na ya akiba. Iliwaka safari zote sita, 1969 hadi 1972. Sehemu za chini zingali huko.