Kabichi za Mgeta: Kabla Hujapiga Dawa, Geuza Jani

Huku Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, adui mkubwa wa kabichi ni nondo mgongo-almasi. Kiwavi wake ni mdogo, wa kijani, na hujificha chini ya jani. Ukimgusa anajinyonganyonga kinyumenyume, kisha anashuka kwa uzi. Nimepambana naye kwa kemikali na kwa njia za kibiolojia; huu ndio ulinganisho wangu.

Kemikali

Pairethroidi za dukani huua haraka. Shida ni kwamba huua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi, kwa hiyo kizazi kijacho cha nondo hukuta shamba halina mlinzi. Kuongeza dozi hakusaidii, maana mdudu huyu huzoea sumu upesi: huko Java usugu wake kwa DDT uliripotiwa tangu 1953. Na mvua ikinyesha, dawa iliyobaki inateremka hadi Mto Mgeta, unaoingia Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam.

Biolojia

Bt ni dawa ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Kiwavi lazima aile. Huacha kutafuna baada ya saa chache, lakini hufa baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo usikate tamaa ukimwona bado yupo. Nyigu haiwadhuru. Hata hivyo, ukiitumia peke yake mfululizo nayo hushindwa, kama ilivyoripotiwa Hawaii mwaka 1990.

Ninavyofanya

1. Nakagua shamba mara mbili kwa wiki, nikipita kwa mshazari na kugeuza majani.
2. Nikikuta vifuko vyeupe vilivyokazwa, vidogo kama punje za mchele, nasubiri: humo mna nyigu wanaokua.
3. Viwavi wachanga wakizidi, napiga Bt jioni, kwa sababu jua huiharibu. Naelekeza bomba chini ya jani na kuchanganya sabuni kidogo, kwani jani la kabichi lina nta na maji huteleza.
4. Kemikali ni ya mwisho. Nabadilisha kundi la dawa kila msimu, navaa glavu na barakoa, na naheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo.
5. Baada ya kuvuna, nang'oa visiki vyote. Nondo huzaliana humo.

Kama mfukoni una hela ya chupa moja tu, nunua Bt, mradi uwe tayari kukagua shamba. Asiyekagua, hakuna dawa itakayomwokoa.