Dada, Ringi ya Bei Nafuu Itaniharibia Lenzi?

Wadogo zangu, wiki hii nina barua mbili mezani. Moja imetoka Katesh, nyingine Haydom. Waandishi wake hawajuani, ila kila mmoja ana lenzi ya zamani mkononi na anaogopa kitu kilekile: kipande cha chuma cha bei nafuu.

Nianze na wa Katesh, maana ana harusi mwezi ujao. Binti huyu anapiga picha za harusi, kipaimara na mahafali, na katikati ya wiki anajishikiza na picha za pasipoti. Baba yake mdogo, aliyesoma Umoja wa Kisovieti miaka ya sabini, amemwachia kamera aina ya Zorki. Pazia la ndani limechanika na kamera haifyatuki tena, lakini lenzi yake, Jupiter-8 ya milimita 50, iko safi, haina ukungu wala mikwaruzo. Sasa ameona ringi ya kuiunganisha lenzi hiyo na Sony a6000 yake kwa shilingi elfu thelathini, na wenzake wanamcheka. Ananiuliza: "Dada, itaniharibia lenzi? Na je, naweza kwenda nayo harusini?"

Swali la kwanza ni jepesi, mdogo wangu. Haitaiharibu. Ringi hiyo haina kioo ndani. Ni chuma kilicho wazi katikati, mwanga unapita kama unavyopita mlangoni. Kazi yake ni kuishika lenzi kwa umbali unaotakiwa kutoka kwenye sensa, iwe imenyooka, na isicheze. Ikifanya hayo, ya elfu thelathini na ya laki tatu zitakupa picha ileile. Na hao wanaokucheka waambie kwamba Leica wenyewe, ambao Zorki iliigwa kwao, walitegemea ringi. Mwaka 1954 walipotoa kamera ya M3 yenye mdomo mpya wa kupokelea lenzi, waliupunguza umbali kati ya mdomo huo na filamu kutoka milimita 28.8 hadi 27.8, ili lenzi za zamani za skrubu ziendelee kuingia kwa kuvalishwa ringi nyembamba ya milimita 1. Hakuna aliyelazimika kutupa lenzi zake.

Shida iko kwenye huo umbali. Lenzi yako, nayo ya skrubu kama hizo za zamani, inataka ikae milimita 28.8 kutoka kwenye sensa. Mdomo wa Sony yako uko milimita 18. Toa, unabaki na 10.8. Huo ndio unene ambao ringi yako inapaswa kuwa nao, na hapo ndipo chuma cha bei nafuu hukosewa. Unaikumbuka venia kalipa ya fizikia, Kidato cha Kwanza, ile tuliyoisoma huku tumefumba jicho moja? Kaiazime kwa mwalimu au kwa fundi wa kuchonga vyuma, upime ringi pande zote nne. Kalipa ya shule husoma hadi sehemu moja ya kumi ya milimita, na sehemu hiyo moja si ndogo kama unavyodhani. Kwa lenzi ya 50, ringi ikizidi unene kwa milimita 0.1 tu, ukazungusha lenzi hadi mwisho, fokasi inaishia mita 25. Ikizidi kwa milimita 0.3, inaishia mita 8 hivi. Kilicho mbali zaidi ya hapo hutakipata, hata uzungushe mpaka vidole viume.

Nayajua haya kwa uchungu. Miaka michache iliyopita nilipiga picha za kipaimara cha mtoto wa shangazi yangu kule Dongobesh. Nilikuwa na ringi mpya, nimeinunua juzi yake kwenye duka moja ambalo sitalitaja, na sikuipima. Picha za karibu zilitoka vizuri mno: mtoto na shada lake, bibi akimfunga kitambaa, mikono ya mama ikinyoosha kola. Nikajiamini. Baada ya ibada kwaya nzima ilijipanga kwenye ngazi za kanisa pamoja na familia, nami nikarudi nyuma kama mita 15 ili wote waenee. Nikazungusha lenzi hadi mwisho, nikafyatua mara sita. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera zilionekana sawa. Usiku nilipozifungua kwenye kompyuta, kila uso ulikuwa umelainika kama umepakwa mafuta. Bibi yule alikuwa mstari wa mbele, amekaa kwenye kiti, na hakuna hata picha moja kati ya zile sita ambayo unaweza kuyaona macho yake. Shangazi hakunilaumu. Ningeona afadhali anilaumu.

Kwa hiyo wewe usitoke nyumbani kabla ya kupima, na kipimo unacho mlangoni. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400 na uko mbali kiasi kwamba kwa lenzi hii ni sawa na mwisho wa dunia. Amka mapema, mawingu hayajakaa kileleni na jua halijaanza kuchemsha hewa, maana mchana ule mtetemo wa joto utakudanganya. Egemeza kamera juu ya ukuta au mfuko wa mchanga. Fungua tundu la lenzi lote, hadi f/2. Kuza picha kwenye skrini uwezavyo, kisha zungusha lenzi polepole kuelekea ile alama ya nane iliyolala, huku ukiangalia mgongo wa mlima pale miti inapokutana na anga.

Miti ikinyooka na kuwa makali pale lenzi inapogota kwenye nane, ringi yako ni nzima, mshukuru Mungu. Ikiwa makali kwanza, kisha ikafifia ulipoendelea kuzungusha, ringi ni nyembamba kidogo. Hiyo inavumilika: unachotakiwa ni kuacha tabia ya kuzungusha hadi mwisho bila kutazama. Kama ringi imefungwa kwa skrubu katikati, unaweza hata kuikatia kipete kutoka kwenye bati la kopo la soda, ambalo unene wake ni karibu na hiyo sehemu moja ya kumi ya milimita, ukakiweka katikati ya vipande viwili. Lakini mlima ukikataa kabisa kuwa makali, ringi ni nene. Irudishe. Usikae unaisugua kwa msasa jikoni. Utapunguza upande mmoja kuliko mwingine, na lenzi itakaa upogo.

Upogo nao unapimwa. Tafuta ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu, simama ukiuelekea sawasawa, piga kwa f/2. Mistari ya matofali ikiwa makali kushoto, na kulia ikafifia, lenzi imelala. Halafu ishike lenzi kama unavyoshika kifuniko cha chupa, uitikise taratibu. Ikicheza, usiipeleke popote, maana chuma kinachosuguana hutoa unga, na unga huo huangukia kwenye sensa yako. Vumbi la kiangazi la Hanang linakutosha.

Ukishaivalisha, Sony itakuambia haina lenzi. Usishtuke. Ingia kwenye menyu uiruhusu ifyatue bila lenzi, na uwashe ile rangi inayong'aa kwenye kingo za vitu vilivyoshikwa na fokasi. Fokasi na tundu la lenzi vitakuwa vya mkono, kamera haitakusaidia hapo.

Kuna mtego mmoja ambao lazima nikuonyeshe, kwa kuwa wengi watakaosoma hapa wana makabati ya baba zao yenye vitu vya Kisovieti. Kamera za mwanzo za Zenit, ambazo zina kioo ndani, nazo zilitumia skrubu ya upana uleule wa milimita 39, ila lenzi zake hukaa mbali zaidi, milimita 45.2. Zote zinaingia kwenye ringi moja. Lenzi kama Industar-50 ilitengenezwa kwa aina zote mbili, na jina limeandikwa vilevile. Ukivalisha lenzi ya Zenit kwenye ringi hii utaona ukungu mtupu, utailaumu ringi bure. Igeuze lenzi, tazama mgongoni huku ukizungusha fokasi. Ukiona bomba la chuma la ndani likitoka na kuingia, hiyo ni ya Zorki au FED. Bomba hilo ndilo lililokuwa likiusukuma mtambo wa kupima umbali, ule unaounganisha vivuli viwili kwenye kijidirisha. Na nyinyi mlio na kamera kubwa za Canon zenye kioo, hii lenzi iacheni. Mdomo wenu uko milimita 44, tayari mmeshapita 28.8, na hakuna ringi itakayowarudisha nyuma.

Sasa harusi. Nenda nayo, lakini mfukoni. Siku ya watu piga kwa lenzi yako ya kila siku inayojifokasi yenyewe. Jupiter itoe bibi harusi anapotulia, kabla hajatoka nyumbani, dirishani, kwa f/2. Kwenye sensa ya Sony yako itatazama kama lenzi ya 75, na kwa uso wa mtu hapo ni pazuri sana. Picha za ukoo mzima usizijaribie. Kuna watakaokushauri ubane tundu hadi f/8 kwa sababu kosa dogo la ringi hujificha hapo. Ni kweli hujificha, lakini mwanga ukipungua jioni utalazimika kulifungua tundu, na kosa litatoka.

Nasema kwa ukali kidogo, na wewe wa Katesh unajua kwa nini. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima huohuo yalishuka, yakapita Katesh na vijiji kama Gendabi, yakaondoka na zaidi ya watu 80. Nyumba zilikwenda na kila kilichokuwa ukutani na sandukuni. Wako watu ambao picha pekee ya marehemu wao ni ile iliyobaki kwenye simu au kompyuta ya mpiga picha wa harusi. Anayekulipa hajui kama picha yako ndiyo hiyo, nawe hujui.

Wa Haydom, sijakusahau. Wewe umeachiwa lenzi ya Leica M ya milimita 50 na mgeni aliyerudi kwao, unataka kununua Leica M9 iliyotumika, na mtu amekwambia ung'oe kitako cha lenzi uweke kingine cha bei nafuu chenye vishimo sita vya kupaka rangi nyeusi na nyeupe, ili kamera iitambue lenzi. Tafadhali usiguse bisibisi. Msimbo huo wa alama sita ulikuja na M8 mwaka 2006, na M8 haikukupa njia nyingine. M9 ya mwaka 2009 ina menyu ya kuchagua lenzi mwenyewe. Unaichagua mara moja, basi. Tena msimbo huo huzisaidia zaidi lenzi pana, si ya 50.

Kwenye ringi ya Katesh, ikikosewa unaivua. Kitako ni sehemu ya lenzi yenyewe. Chini yake mara nyingi kuna vipete vyembamba vya shaba ambavyo kiwanda kilivipanga kwa lenzi yako hiyo moja. Kimoja kikianguka sakafuni, kipimo chake hukipati dukani. Bisibisi isiyokaa vizuri hula kichwa cha skrubu. Na umbo la kitako ndilo linaloiambia kamera ionyeshe fremu gani kwenye kijidirisha: 50 huja na 75, 35 na 135, 28 na 90. Ukiweka kitako cha aina nyingine utapanga watu kwa fremu isiyo yao na kukata vichwa. Kama kuna siku kitako kitavunjika kweli, mpe fundi wa kamera akibadilishe, na kile cha zamani, skrubu zake na vipete vyote umwombe akurudishie kwenye bahasha iliyoandikwa jina la lenzi.

Wa Katesh, ringi ikifika, subiri asubuhi isiyo na mawingu. Nitumie picha ya mlima kama ilivyo, usiipunguze ukubwa. Nataka kuihesabu miti ya ule mgongo mwenyewe kabla hujaenda harusini.