Somo la Mwezi: Je, Shamba Laweza Kugawanywa Mama Angali Hai?



Mara nyingi tumekaa katika nyumba zenye msiba, na wengi wenu mmekaa pamoja nasi. Mazishi yamekwisha, hema limefunguliwa, masufuria yamerudishwa kwa majirani. Siku ya tatu au ya nne mtu mmoja, ambaye wala si mtu mbaya, hukohoa kidogo na kusema, "Sasa tuzungumze juu ya shamba." Mama mwenye nyumba yuko chumbani na wanawake wenzake. Kikao chaanza bila yeye. Kufika jioni mipaka imekwisha kupimwa kwa maneno: mkubwa upande wa barabara, wa pili upande wa mto, na mama "atakaa na kitinda mimba."

Katika somo hili twataka kuuliza swali moja tu: je, kikao hicho kina uwezo wa kugawa? Tutajibu kwa sheria ya Kenya, maana ndiyo inayotuhusu, na Wakristo wengi waiogopa pasipo kuisoma. Yaitwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Ilipitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Aliyefariki kabla ya tarehe hiyo, mali yake hufuata sheria na mila za wakati ule. Aliyefariki baadaye hufuata sheria hii.

Tuchukue mfano. Baba amefariki bila kuandika wasia. Ameacha mke mmoja na watoto watano, wavulana watatu na wasichana wawili walioolewa. Ameacha shamba la eka 6, nyumba yenye vyombo vyake, fedha kidogo benki, na gari alilokuwa akichukulia mboga kwenda sokoni.

Kifungu cha 35 chasema mambo mawili juu ya mama huyu. Kwanza, vitu vya matumizi ya mtu na vya nyumbani ni vyake kabisa: nguo, vitanda, meza, vyombo vya jikoni, redio, picha ukutani. Hivyo aweza kuvitumia, kuvigawa au kuviuza, wala hakuna wa kumwuliza. Gari lile halimo, kwa sababu sheria imeyatenga magari na vitu vya kazi ya marehemu.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha somo letu, mali yote iliyobaki, pamoja na zile eka 6, mama anapewa haki ya kuitumia maisha yake yote. Tuangalie vizuri: hapewi fungu moja miongoni mwa mafungu sita. Hapewi eka moja ya kupanda maharagwe. Ni mali yote. Atalima, atakodisha, atachuma majani ya chai, atakaa katika nyumba yake. Watoto wana haki yao, tena ni haki ya kweli, lakini inangoja. Mama akiisha kufariki ndipo mali hiyo hugawanywa kati ya watoto wote kwa usawa. Sheria ikisema watoto haikuuliza kama ni wavulana au wasichana, wala kama binti ameolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilipoletewa shauri ambalo mabinti walikuwa wamepunjwa, iliwapa sawasawa na ndugu zao.

Basi jibu la swali letu ni kwamba kikao kile hakina uwezo wa kumgawia mama kipande na kuchukua kilichobaki. Wanaweza kupatana, ndiyo, na mama akikubali kwa hiari yake mbele ya mahakama, mapatano yao yaweza kupokelewa. Lakini hiari ya mjane wa siku nne, aliyezungukwa na shemeji sita, ni hiari ya namna gani? Sisi twaona jambo hilo lingoje.

Na hao shemeji je? Ndugu za marehemu hawana urithi katika mali hiyo maadamu ameacha mke au mtoto. Zamu yao huja pale tu marehemu asipokuwa na mke, wala mtoto, wala wazazi. Wako watakaotujibu kwa Hesabu sura ya 27, ile habari ya binti za Selofehadi. Ni kweli, katika orodha ile wametajwa mwana, binti, ndugu, ndugu za baba na jamaa wa karibu, na mjane hatajwi hata mara moja. Ulinzi wake katika Torati twaukuta mahali pengine, katika Kumbukumbu la Torati 24, na twauona ukitenda kazi katika kitabu cha Ruthu. Anayesimama kikaoni na Hesabu 27 peke yake amesoma kweli, ila amefunga kitabu mapema.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana kina mama nao wana la kusikia. Haki ya kutumia siyo haki ya kumiliki. Mama akipata shida ya kweli, kama ya matibabu au ya chakula, aweza kuuza sehemu ya mali kwa ajili ya kujitunza, ila kwa kibali cha watoto wote waliofikia utu uzima na cha wasimamizi wenzake, au kwa kibali cha mahakama. Na ikiwa kinachouzwa ni ardhi, kibali cha mahakama hakikosekani hata kama watoto wote wamekubali. Mnunuzi anayempa mama fedha usiku kwa karatasi iliyoandikwa mezani kwake amenunua kesi, hakununua shamba.

Tena mama hawezi kuandika wasia juu ya shamba hilo. Jambo hili huwashangaza wengi. Lakini aweza, angali hai, kumpa mtoto sehemu yake kwa zawadi inayoanza kufanya kazi mara moja. Kwa mfano kijana wa pili anataka kujenga na mama ameridhika: ampe, na iandikwe. Mtoto atakayeona kwamba mama anapendelea, au kwamba anazuia bila sababu, ana ruhusa ya kwenda mahakamani. Lakini zawadi hiyo ni kwa watoto tu. Kuahidi tu kwamba "nikifa kipande cha juu ni cha fulani" hakuna nguvu.

Hapa yatupasa tujihubirie wenyewe. Mama mjane, mwenye moyo mwema, asimama siku ya mavuno na kusema analipa kanisa robo eka ya kujengea. Watu wapiga makofi. Lakini ikiwa shamba ni la marehemu mumewe na lingali katika haki hiyo ya kutumia, robo eka hiyo si yake kuitoa, na kanisa si mtoto wa marehemu. Baraza la parokia linalopokea kiwanja bila kuuliza hati iko kwa jina la nani, na mirathi ilimalizwaje, lawaandalia wajukuu wa mama yule ugomvi na kanisa. Ni afadhali kumshukuru, kumweleza taratibu, na kungoja watoto watakapokuwa wenye shamba.

Kuna jambo lililowaumiza wengi. Kifungu hicho kilivyoandikwa, haki ya mjane mwanamke ilikoma alipoolewa tena, bali mwanamume aliyefiwa na mke akaoa tena hakuambiwa neno. Katiba ya mwaka 2010 yataka mume na mke watendewe sawa, na Mahakama Kuu imekwisha kuona kwamba ubaguzi huo wapingana na Katiba. Kwa hiyo mjane anayechumbiwa asitishwe na jamaa kwa maneno ya zamani, amwone wakili kwanza.

Kama hakuna watoto, mjane hupata vyombo vya nyumbani, tena shilingi 10,000 au asilimia 20 ya mali iliyobaki, ile iliyo kubwa zaidi, na haki ya kutumia yote iliyosalia. Kama marehemu alikuwa na wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto na kumwongeza kila mke kuwa kichwa kimoja. Nyumba ya mke na watoto wanne ni vichwa 5, nyumba ya mke na watoto wawili ni vichwa 3. Eka 16 zitakuwa 10 huku na 6 kule, wala si nane kwa nane kama wazee wengi wadhanivyo. Waislamu, tangu mwaka 1990, hufuata sheria ya dini yao, na katika baadhi ya wilaya za wafugaji mashamba na mifugo viliachiwa mila. Wenye jamaa huko waulize.

Je, wasia waweza kuondoa ulinzi huu? Mtu mzima mwenye akili timamu, mume au mke, ana uhuru wa kuandika wasia apendavyo. Lakini uhuru huo una ukingo. Mume akiandika kwamba shamba lote ni la mwanawe wa kwanza na mke asipate kitu, mke huyo aweza kuiomba mahakama, chini ya kifungu cha 26, imtengee sehemu inayofaa. Wala hatakiwi kuonyesha kwamba mumewe alikuwa akimlisha hadi siku ya kufa. Mahakama itaangalia wingi wa mali, mahitaji yake, kile alichokwisha kupewa, mwenendo wake na hali ya wategemezi wengine. Ombi hili lina mwisho wake: hati ya usimamizi ikiisha kuthibitishwa, mlango umefungwa. Ndiyo maana twasema mjane asikae nyumbani akilia mwaka mzima huku mwingine akitembea mahakamani.

Kutembea huko kukoje? Kwanza cheti cha kifo, kisha barua ya chifu yenye majina ya walioachwa. Asome majina hayo mwenyewe, au asomewe na mtu anayemwamini, maana binti walioolewa husahauliwa hapo. Ombi la usimamizi hupelekwa mahakamani, na mwenye kutangulizwa kuwa msimamizi ni mke au mume aliyebaki. Mwana hawezi kuomba peke yake pasipo kumjulisha mama. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku zisizopungua 30 za kupinga. Hati ikitolewa, kwa kawaida hungojwa miezi sita kabla ya kuithibitisha, na kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kugawa shamba. Anayekata miti, kuuza ng'ombe au kupanda mipaka bila hati amefanya kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na hati iliyopatikana kwa kuficha mke au mtoto yaweza kufutwa hata baada ya kuthibitishwa.

Siku ya kuthibitisha, mama amwombe karani amsomee polepole jinsi lilivyoandikwa jina lake. Kukiandikwa kwamba shamba ni la wana watatu na mama "atatunzwa," haki yake haimo. Iandikwe wazi kwamba anayo haki ya kutumia shamba lote maisha yake yote, kisha hati hiyo ipelekwe kwenye ofisi ya ardhi isajiliwe. Wengi huishia mahakamani wakaiweka karatasi sandukuni, na shamba likabaki kwa jina la marehemu mpaka wajukuu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kuandika wasia, na kwa nini anayerithi asiwe shahidi wake.