Ubongo Unavyotunga Uongo

Mtu aulizwapo alikokuwa jana jioni, jibu la kweli hujitokeza upesi kutoka katika kumbukumbu. Anayetaka kudanganya ana kazi kubwa zaidi. Hana budi kulizuia jibu hilo, kubuni jingine, kukisia anachokijua muulizaji, na kukumbuka aliyokwisha kuyasema.

Kazi hizo husimamiwa hasa na sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humwezesha binadamu kupanga mambo na kujizuia. Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwauliza watu juu ya shughuli zao za siku hiyo, wakawataka wajibu mara kwa kweli, mara kwa uongo. Majibu ya uongo yalichelewa zaidi, na picha zilizopigwa kwa mashine ya sumaku zilionyesha kwamba sehemu hiyo ya mbele ilishughulika zaidi wakati wa kudanganya.

Je, hapo ndipo makao ya uongo? La. Sehemu hiyo hiyo hushughulika pia mtu anapopiga hesabu ngumu au anapozuia hasira. Ubongo hauna kiungo cha uongo. Hutumia vipawa vile vile vya kila siku.

Jambo hili ni zito mahakamani. Ile mashine iitwayo ya kupimia uongo hupima ishara za mwili tu, kama vile pumzi, mapigo ya moyo na jasho la ngozi. Mkweli mwenye hofu aweza kuonekana mwongo, na mwongo mtulivu akapita salama. Picha za ubongo nazo hazijakiondoa kikwazo hicho: mwaka 2012 mahakama ya rufani ya Marekani iliunga mkono uamuzi wa kuzikataa zisiwe ushahidi katika kesi ya udanganyifu.

Aidha, ubongo huuzoea uongo. Uchunguzi uliotolewa London mwaka 2016 ulihusu amigdala, fungu dogo la seli zinazohusika na hisia. Kadiri watu walivyorudia kudanganya kwa faida yao, ndivyo mwitikio wa amigdala ulivyofifia, na uongo wao ukazidi kukua. Kwa hiyo mzazi au mwalimu anayemrekebisha mtoto katika uongo mdogo hafanyi kazi ya bure.