Kijana Wako Anamsikia Nani?

Kijana wa miaka 14 ana habari za mapenzi hata kama nyumbani hazitajwi. Amezipata kijiweni, kwenye simu ya rafiki, na kidogo darasani, mwalimu anapofika kwenye mada ya uzazi na kuipita mbiombio. Ashike lipi na aache lipi, hilo hutegemea sana kama yupo mtu mzima anayeweza kumwuliza bila kugeuziwa swali: "Umeyatoa wapi hayo?"

Kwa jamii nyingi za Tanzania, kazi hiyo haikuwa ya mama wala baba. Binti alikuwa na kungwi, shangazi au bibi. Mvulana alifundwa jandoni. Siku hizi bibi yuko kijijini, wajukuu wako mjini, na nafasi yake iko wazi. (Tusiyasifu mno mafunzo yale: VVU havikuwamo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983.) Kama nyinyi wazazi mnaona haya, mteueni shangazi, mjomba au muuguzi mnayemwamini, na kijana aambiwe kwamba ana ruhusa ya kumwuliza lolote.

Binti akivunja ungo huitwa chumbani na kuonywa kuhusu mimba. Anatoka na hofu, elimu hana. Kaka yake haitwi kabisa.

Mkiwa mnapika au mnakula, ulizeni: mbu anaambukiza VVU? Kula sahani moja na mwenye VVU je? Hapana, yote mawili. Anayeonekana mzima anaweza kuwa navyo? Ndiyo, na hapa ndipo vijana wengi huponzwa, kwa kudhani watamjua mtu kwa macho. Kondomu ikitumiwa sawasawa kila mara hupunguza sana hatari. Na jambo ambalo hata watu wazima hulibishia: anayetumia dawa za kufubaza virusi bila kuacha, hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Tangu 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi. Aliyebakwa, au aliyefanya ngono bila kinga, awahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita. Zipo dawa za kuzuia maambukizi, hutumiwa siku 28. Kijana anayeogopa kipigo atazimaliza saa hizo akijificha. Mwambieni leo, kabla halijatokea, kwamba siku hiyo mtampeleka kituoni kwanza, maswali yatasubiri.